Shahidi Mgeni

Swali ninalotaka kulijadili hapa ni la zamani, nalo ni hili: je, yawezekana kukijua kitu kama kilivyo, iwapo ili kukijua hatuna budi kukitia kitu kingine kisichokuwa chake? Mtunzi wa mashairi hukutana na swali hili kila anapotafuta neno la kusimama badala ya hisia isiyokuwa na neno. Mfasiri hulala nalo na kuamka nalo. Hata hivyo, mfano wake ulio wazi kuliko yote nimeupata mahali ambapo msomaji wa kurasa hizi pengine hatarajii kupelekwa, yaani katika kazi ya wanabaiofizikia wanaouchunguza utando wa seli kwa nuru. Mimi sikusomea elimu hiyo darasani. Nimeifuata kama nilivyozifuata lugha ninazozifasiri, kitabu mkono huu na kamusi mkono huu. Namwomba msomaji anivumilie kwa maelezo kidogo, kwani huwezi kuhukumu uadilifu wa tendo usilolijua linavyotendeka.

Tuanze na utando wenyewe. Kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando. Neno letu linafaa sana, kwani limetokana na kutanda; ndilo tulitumialo kwa utando wa buibui na kwa ule ugozi mwembamba unaotanda juu ya maziwa yanapopoa. Utando wa seli umefanywa kwa protini na kwa lipidi, ambazo ni jamaa ya mafuta. Kila molekuli ya lipidi hizi ina kichwa kinachopenda maji na mikia, aghalabu miwili, inayoyakimbia. Zikitiwa majini, hujipanga zenyewe safu mbili: mikia hujificha ndani ikielekeana, na vichwa hutazama maji ya upande huu na upande huu. Unene wa safu zote mbili ni kiasi cha nanomita 5. Karatasi ya kawaida ina unene wa nanomita 100,000 hivi, basi ungehitaji kurundika tando 20,000 ili kuufikia unene wa karatasi moja.

Msomaji wa pwani asiufananishe utando huu na ukuta. Aufananishe na baraza ya nyumba zetu, ambayo si nje wala si ndani; wapo wapokewao wakaishia hapo, wapo waitwao wakapita ukumbini, na wapo wasiokaribishwa hata kuketi. Uhai wa seli unategemea upambanuzi huo. Baraza ikivunjika, hapana nyumba tena.

Elimu ya jambo hili haikuanzia katika majumba makubwa ya utafiti. Mabaharia wa zamani walijua kwamba mafuta yakimwagwa baharini hutuliza uso wa maji. Benjamin Franklin alilijaribu jambo hilo katika ziwa dogo la Clapham, karibu na London, na mwaka 1774 taarifa yake ikachapishwa: kijiko kidogo cha mafuta kilitanda na kulainisha eneo la kadiri ya nusu eka. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwanamke wa Kijerumani aliyeitwa Agnes Pockels, ambaye zama zake hazikumruhusu mwanamke kuingia chuo kikuu, aliyachunguza mafuta na uchafu unaotanda juu ya maji jikoni mwake, kwa kutumia chombo cha bati alichokibuni mwenyewe. Barua aliyomwandikia mwanafizikia Lord Rayleigh ilitolewa katika jarida la Nature mwaka 1891. Mwaka 1925, Evert Gorter na François Grendel, watafiti wa Uholanzi, walizitoa lipidi katika chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji kwa njia ya namna hiyo hiyo, wakaona kwamba zinatosha kuzifunika chembe hizo mara mbili. Ndipo ikasemwa kwamba utando ni safu mbili. Baadaye ilibainika kwamba hawakuzitoa lipidi zote, na tena eneo la chembe walilikadiria kuwa dogo kuliko lilivyo. Makosa mawili yakafutana, jibu likawa sahihi. Namwomba msomaji aiweke kando habari hii, maana tutaihitaji.

Sasa tuingie katika nuru. Mwaka 1852, George Gabriel Stokes wa Cambridge aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, kisha akausogeza mrija uliojaa maji ya kwinini kutoka rangi hadi rangi. Hapakutokea jambo mpaka mrija ulipofika kwenye urujuani na kuvuka mpaka wake, pale ambapo jicho letu haliona kitu. Hapo kwinini, dawa ile chungu ambayo wazee wetu waliinywa kwa homa ya malaria, ikang'aa kwa rangi ya buluu. Ilikuwa imepokea nuru isiyoonekana na kurudisha nuru inayoonekana. Stokes aliliita jambo hilo fluoresensi, kwa jina la jiwe la fluoraiti lililokuwa na tabia hiyo.

Tusiichanganye nuru hii na ile ya kimulimuli, wala na ile inayomeremeta majini usiku kasia linapoyakata mawimbi. Hizo ni nuru zinazotengenezwa na viumbe wenyewe. Fluoresensi ni nuru ya kuazima. Tena ni ya mdeni wa namna ya pekee, kwani anaazima pishi na kurudisha kibaba kimoja, viwili au vitatu. Kwa kawaida nuru inayorudi huwa na nguvu pungufu kuliko ile iliyoingia, na kinachopungua hupotea njiani, kwa mtikisiko na joto na kwa kuwasukuma jirani. Muda wote huo wa kuazima na kurudisha aghalabu hauzidi nanosekunde chache, yaani sehemu chache za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niache kufasiri kwa siku kadhaa nikawa nalifikiri hili tu. Kile kilichopotea hakikupotea bure. Kiasi cha upungufu kinategemea mahali molekuli ilipokuwa. Ukijua imepungukiwa kiasi gani, umejua imekaa na nani. Hasara ndiyo inayoleta habari.

Aliyeikuza elimu hii kuliko wengi alikuwa Gregorio Weber, mzaliwa wa Ajentina, aliyesoma Cambridge na kufanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alihusika kutengeneza jamii ya rangi ambamo imo ile iitwayo Laurdan. Rangi hii ina mkia wa mafuta, kwa hivyo hujipenyeza katika utando na kukaa humo kama mmoja wa wenyeji, na sehemu yake ing'aayo hukaa karibu na pale vichwa vinapoungana na mikia. Ikiwa lipidi zimebanana na maji hayapati nafasi, Laurdan hupoteza kidogo na hung'aa buluu, kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 440 hivi. Ikiwa lipidi zimelegea na maji yameingia kati yao, molekuli za maji huizunguka na kuipunguzia nguvu, ikang'aa kijani, kwenye nanomita 490 hivi. Basi kwa rangi mbili tu mtazamaji huambiwa wapi utando umekaza na wapi umelegea.

Katika miaka ya 1999 na 2000, Luis Bagatolli, mwanabaiofizikia mwingine kutoka Ajentina, pamoja na Enrico Gratton, walichapisha kazi waliyoifanya kwa rangi hii juu ya vifuko vikubwa vya lipidi vilivyotengenezwa kwa mkono wa binadamu, ambavyo hadubini ya nuru huweza kuviona kimoja kimoja. Walitumia hadubini inayotia nuru nyekundu kwa namna ambayo molekuli ya rangi humeza chembe mbili za nuru kwa pamoja. Nadharia ya jambo hilo iliandikwa na Maria Göppert-Mayer mwaka 1931, na hadubini yenyewe ilitolewa hadharani mwaka 1990. Fifuko walivyotengeneza kwa mchanganyiko wa lipidi za namna mbili, na kuvipoza taratibu, vilionyesha mabaka: hapa utando umekaza, pale umelegea, kama visiwa juu ya mpira mmoja. Jambo ambalo kabla ya hapo lilikisiwa kwa hesabu za vifuko maelfu kwa pamoja, sasa likaonekana kwa macho.

Hapo ndipo swali letu linapotukamata. Macho yaliona nini? Yaliona utando, au yaliona Laurdan? Kusema kweli yaliona Laurdan. Lipidi zenyewe hazikutoa nuru yoyote ya kuonwa. Aliyesema alikuwa mgeni, nasi tukaandika maneno yake kuwa ni maneno ya mwenyeji. Je, hiyo ni elimu au ni uzushi uliopambwa?

Wazee wa mitaani kwetu, wanapokaa kusuluhisha ugomvi, hawamkatai shahidi kwa sababu tu si mtu wa nyumba ile. Humwuliza mambo. Nami naona tumwulize shahidi huyu vilevile.

Kwanza huulizwa: ulikuwapo? Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Rangi nyingi zilizotumika katika tando hupendelea upande mmoja; huenda penye ulegevu na kupakimbia penye mkazo. Picha yake huwa na sehemu ing'aayo na sehemu yenye giza, na mtazamaji hushawishika kusema kwamba penye giza pana utando uliokaza. Lakini giza lile halikutoa ushahidi. Ni kutokuwapo kwa shahidi tu. Sifa ya Laurdan ni kwamba huingia pande zote mbili, na kila upande huutolea kauli. Hata yeye, hata hivyo, huwa kimya pale mwelekeo wake usipolingana na mwelekeo wa nuru inayomwuliza. Bagatolli na Gratton walilijua hilo, wakalihesabu katika kuisoma picha. Kumbe ukimya wa shahidi mwema nao una sababu, na ni wajibu wa mwenye kuuliza kuitafuta sababu hiyo kabla ya kuujaza ukimya kwa dhana yake.

Pili huulizwa: mlikwenda wangapi? Mgeni mmoja katika nyumba hukaa kwa adabu. Wageni hamsini huigeuza nyumba kuwa yao. Ndiyo maana wachunguzi hutia molekuli moja tu ya rangi kwa mamia ya molekuli za lipidi, ili utando ubakie kuwa utando.

Tatu, na hili ndilo zito, huulizwa: je, ulilolishuhudia lilikuwapo kabla hujaja, au ni wewe uliyelileta? Mwaka 2006, Artem Ayuyan na Fredric Cohen, watafiti wa Marekani, walionyesha jambo la kutahadharisha. Rangi inapoangazwa kwa nguvu, hufanya lipidi zilizo karibu nayo ziharibike kwa oksijeni. Na lipidi zilizoharibika hivyo huweza kuyasababisha mabaka makubwa yatokee katika utando ambao, lau usingeangazwa, usingekuwa nayo. Umeme unaotumika katika kuvitengeneza vifuko nao waweza kuleta madhara hayo hayo. Wenyewe tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapa lilikuja kwa sababu lilitafutwa. Taa iliyowashwa ili kulitazama doa ndiyo iliyolitia doa.

Wala si jambo dogo. Tangu Kai Simons na Elina Ikonen walipoandika mwaka 1997 kwamba utando wa seli hai una vikundi vya lipidi vinavyoelea kama vipande vya mashua na kubeba protini maalumu, wataalamu wamebishana kama vikundi hivyo vipo, ni vikubwa kiasi gani na hudumu muda gani. Ni vidogo kuliko hadubini ya kawaida inavyoweza kupambanua. Katika ubishi wa namna hiyo, shahidi anayezaa alichokishuhudia huweza kuwapoteza watu wakweli kabisa, wasiokuwa na nia yoyote ya kudanganya. Na hilo ndilo linaloligeuza suala hili kuwa la maadili. Uwongo wa mwongo hautushughulishi sana, kwani njia yake ni fupi. Kinachopaswa kutushughulisha ni uwongo unaotokana na bidii ya mtu mkweli.

Nimeliona jambo kama hili karibu zaidi nasi. Nimehudhuria arusi ambazo ndani yake mgeni alikuja na chombo cha kunasia sauti ili ahifadhi nyimbo za kina mama. Nia yake ilikuwa njema. Lakini mara chombo kilipowekwa mkekani, bibi aliyekuwa akiongoza aliziacha beti za vijembe na mafumbo ya chumbani, akaimba zile zinazofaa kusikiwa na kila mtu, tena kwa mwendo wa polepole, kama mtu anayesomesha. Utepe ule ulinasa sauti yake halisi, bila ya kuongeza wala kupunguza. Hata hivyo, arusi iliyomo ndani yake haijapata kufanyika mahali popote. Ilifanyika kwa ajili ya utepe.

Najua kuna msomaji atakayeniambia: ikiwa ndivyo, basi tusiamini kitu, kwani hapana elimu isiyopitia kwa mgeni. Jicho lenyewe ni mgeni, na lugha ni mgeni. La hasha, sikubaliani naye. Hoja hiyo inaonekana ya unyenyekevu, lakini kwa kweli ni ya uvivu. Madhara ya taa yaligunduliwa na nani, kama si na watu wa taa wenyewe? Walipopunguza nuru, na walipotia dawa inayozuia kuharibika kwa lipidi, waliweza kupambanua baka la utando na baka la taa. Aidha, mabaka ya vifuko vyenye mchanganyiko wa lipidi hayakutegemea Laurdan pekee. Miale ya eksirei na nyutroni, sindano ndogo zinazoupapasa uso wa utando, na vipimo vya sumaku visivyohitaji rangi yoyote vyote vimetumika kuuchunguza utando huo. Kila kimoja kina kasoro yake, lakini kasoro hizo si za aina moja. Mashahidi wanne wenye upofu mbalimbali, wakikubaliana juu ya jambo moja, wanastahili kusikilizwa kuliko mmoja mwenye macho makali. Ndiyo maana nilimwomba msomaji aiweke kando habari ya Gorter na Grendel. Jibu lao lilikuwa sahihi, lakini hawakuwa na njia ya kujua kwamba ni sahihi mpaka wengine walipolijia kwa njia nyingine.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Ndiyo, kitu chaweza kujulikana kwa kukitia kisichokuwa chake, lakini kwa masharti. Mgeni awe mchache. Awepo pale anapopatolea habari, na asipokuwepo tuseme hakuwepo. Hasara yake ihesabiwe wala isifichwe, kwani humo ndimo ilimo habari. Na mwenye kuuliza awe tayari kuipunguza taa yake, hata kama picha itafifia, ili ajue lipi ni la kitu na lipi ni la taa.

Mfasiri asidhani kwamba masharti haya hayamhusu. Neno la Kiswahili ninalolitia katika shairi la kigeni ni Laurdan yangu. Halitoi nuru yote lililoipokea. Kwa miaka mingi nimewasikia watu wakiilaumu tafsiri kwa kile kinachopotea, kana kwamba kupotea ndiko mwisho wa mazungumzo. Mimi naona mfasiri mwaminifu si yule asiyepoteza, kwani huyo hayupo. Ni yule anayejua amepoteza kiasi gani na mahali gani, na ambaye msomaji wake, kwa kuupima upungufu huo, aweza kukisia ugumu au ulaini wa mahali lile neno lilipokaa. Anayeficha hasara yake kwa mapambo ameiondoa alama pekee ambayo ingetuonyesha njia ya kurudi kwenye asili.

Limebaki sharti moja, ambalo wanabaiofizikia hawana haja nalo kwa vifuko vyao, ila sisi tunalo. Kifuko cha lipidi hakina haya. Hakijui kwamba kinatazamwa, wala hakina siri inayoweza kuvunjwa. Mtu hayupo hivyo, na jamii haipo hivyo. Kwetu sitara ni haki, na utando wa nyumba, kama wa seli, upo ili baadhi ya mambo yasipite. Bibi yule wa arusini alipoziacha beti zake hakumdanganya mtu. Aliufunga mlango uliokuwa wake. Kwa hivyo anayetaka kuuangaza uhai wa watu, awe mshairi, mfasiri au mtafiti, hatoshi kuuliza kama nuru yake inasema kweli. Aulize pia kama ameruhusiwa kuiwasha. Akikataliwa, aandike kwamba hapa hapakuangazwa, bila ya kulipa giza lile jina lolote. Kuandika hivyo nako ni kutoa ushahidi, tena ushahidi wa haki.